Tuache kusema "malaria imepanda kichwani"

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita gazeti lako lilichapisha habari fupi ya mtu mzima aliyefariki baada ya kuumwa kichwa kwa majuma matatu, na mwandishi akaimaliza habari hiyo kwa kueleza kwamba, kwa maneno ya ndugu wa marehemu, malaria ilikuwa imempanda kichwani. Simlaumu mwandishi, kwa kuwa aliandika alichoambiwa, na alichoambiwa ndicho kinachosemwa katika nyumba zetu kila anapokufa mtu mzima aliyeanza kwa kulalamikia kichwa, akaendelea kutapika, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mwisho akapoteza fahamu. Ninaandika kwa sababu maneno hayo, "malaria imepanda kichwani", yameuficha ugonjwa mwingine kwa miaka mingi, na gazeti linapoyarudia bila swali linazidi kuuficha.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi kwa miaka 31 mkoani Tanga, sehemu kubwa ya miaka hiyo katika wodi za watu wazima, na wagonjwa wa namna hiyo niliowahudumia ni wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Malaria kali inayoathiri ubongo ipo, wala sikusudii kuipunguzia uzito. Inaua hasa watoto wadogo, na huja kwa kasi: homa kubwa ya siku mbili tatu, kisha degedege, kisha kuzimia. Lakini mtu mzima aliyekulia katika eneo la malaria, ambaye kichwa kimemuuma kwa wiki mbili, tatu au nne mfululizo, kikizidi siku hadi siku, naye amekwisha kupimwa malaria mara mbili na kipimo kikaonyesha hana, huyo ana jambo jingine. Kama anaishi na VVU, au kama hajui hali yake, mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo mtabibu anapaswa kuyafikiria ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi.

Najua neno fangasi linavyosikika masikioni mwa watu. Kwetu fangasi ni wa vidole vya miguu na wa ngozi, jambo la kupaka dawa kwa siku chache na kulisahau. Nilipomwambia dada yangu kwamba mwanawe alikuwa na fangasi kichwani, alidhani nazungumzia mapunye aliyokuwa nayo alipokuwa darasa la pili. Ilinibidi nianze mwanzo, na naomba nafasi katika safu yako nifanye vivyo hivyo kwa wasomaji.

Fangasi huyu ni kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, anayeishi katika udongo, katika miti inayooza na hasa katika kinyesi cha njiwa kilichokauka. Hatumli katika chakula wala hatuambukizani mtu kwa mtu. Tunamvuta kwa pumzi pamoja na vumbi, na wengi wetu tumekwisha kumvuta bila kujua, kwa sababu kinga ya mwili humzuia mapafuni na kumnyamazisha huko. Hakuna faida ya kufukuza njiwa wa jirani. Kinga inapodhoofika, na kwa mtu anayeishi na VVU hapo ni pale chembechembe za CD4, yaani zile chembe za damu zinazoongoza kinga ya mwili, zinaposhuka chini ya 200, na zaidi sana zinaposhuka chini ya 100, fangasi aliyekuwa amelala huamka, hutoka mapafuni, huingia katika damu, na husafiri hadi kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo ni kweli kwamba kuna kitu kimepanda kichwani, ila hicho kitu hakikuletwa na mbu, na dawa ya mseto haikigusi.

Watafiti waliokusanya takwimu za dunia nzima walikadiria kwamba mwaka 2014 watu wapatao 223,100 waliugua ugonjwa huu, na kwamba 181,100 walikufa. Makadirio ya mwaka 2020 yalishuka hadi wagonjwa 152,000 na vifo 112,000, ambavyo ni karibu kifo kimoja katika kila vitano vinavyotokana na UKIMWI. Sehemu kubwa ya watu hao wako Afrika, kusini mwa Sahara. Mnamo Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi walio hatari zaidi kwa binadamu, na kriptokokasi akawekwa katika kundi la juu kabisa. Ugonjwa wenye sifa hizo, Mhariri, hauna jina la kawaida katika mazungumzo yetu. Tunao msamiati wa surua, wa ndui iliyokwisha kutokomezwa tangu zamani, wa kichocho na wa matende, lakini huu tunauzika kila siku chini ya jina la malaria.

Sasa nieleze habari ya nyumbani kwetu, ambayo nimeruhusiwa kuiandika. Mtoto wa dada yangu, ambaye kwa desturi ni mwanangu na mwenyewe aliniita mama mdogo, alikuwa fundi seremala mwenye umri wa miaka 34. Alikuwa akimeza dawa za kufubaza virusi kwa miaka kadhaa na afya yake ilikuwa nzuri, kisha akahamia mbali kutafuta kazi, akaacha kliniki, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja hakumeza kidonge hata kimoja. Aliporudi alikuwa amekonda. Alikwenda kliniki mwenyewe, akapokewa vizuri, akarudishiwa dawa siku ile ile. Kurudishiwa dawa ni jambo jema. Lakini hakuna aliyempima CD4, na kwa kuwa haikupimwa CD4 hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta fangasi katika damu yake.

Baada ya wiki mbili kichwa kilianza. Alikwenda duka la dawa akapewa dawa za maumivu, kisha akapewa dozi ya malaria bila kupimwa. Zahanati ilimpima malaria, kipimo kikasema hana, na bado akaandikiwa dozi ya pili, kwa sababu ya mazoea. Juma la tatu aliambiwa ana taifodi. Akaanza kuona vitu viwili viwili, na mtu mmoja akamshauri atafute miwani. Alipoanza kuzungumza na watu wasiokuwepo, wazee waliona amepagawa, na akasomewa dua usiku kucha. Simdharau aliyemsomea dua, kwa maana hata mimi niliitikia amina. Ninachosikitikia ni kwamba kila mmoja wetu katika mlolongo ule, mimi nikiwa mmoja wao kwa njia ya simu, aliona kipande kimoja cha ugonjwa na hakuna aliyevikusanya vipande pamoja. Shingo yake haikuwa ngumu, na homa yake ilikuwa ya kuja na kuondoka, nasi tulifundishwa kwamba homa ya uti wa mgongo ni shingo ngumu na joto kali. Katika ugonjwa huu wa fangasi shingo inaweza isikakamae kabisa, na homa inaweza isiwepo.

Alifikishwa hospitali akiwa na degedege. Daktari, kijana ambaye hakuwa amemaliza hata miaka mitatu kazini, aliutambua ugonjwa kwa kuusikiliza tu, akasema ni lazima atoe maji ya mgongo usiku ule. Baba yake mkubwa alikataa. Alisema anawajua watu wanne waliochomwa sindano ya uti wa mgongo na wote wanne wamekufa. Zilipita siku mbili za kubembelezana, nami nikiwa njiani kutoka kwangu, na siku ya tatu mzee akakubali kwa kuwa mgonjwa alikuwa hasemi tena. Maji yaliyotoka yalitoka kwa nguvu. Chini ya darubini, kwa ule wino mweusi unaotumika maabara, fangasi walionekana wazi, wamezungukwa na ganda lao jeupe. Alfajiri iliyofuata mwanangu alifariki.

Katika matanga, upande wa wanaume, ilisemwa kwamba alikuwa mzima kiasi cha kupumua mwenyewe, wakamchoma uti wa mgongo, akafa. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nimejitanda kanga, na niliyasikia maneno hayo yakipita kutoka mkeka mmoja hadi mwingine. Nilikuwa muuguzi peke yangu pale, na nilinyamaza. Nilijiambia kwamba si wakati wake. Miezi mitano baadaye mama mmoja wa mtaa ule ule alilazwa na kichwa cha namna ile ile, na watu wake walikataa asitolewe maji, wakitoa mfano wa mwanangu. Walimchukua wakarudi naye nyumbani. Tangu siku niliyopata habari hiyo nimekuwa nikiiandika barua hii kichwani mwangu.

Nimefikiri sana juu ya lile tulilolisema katika matanga, na nimeona kwamba sehemu ya kosa iko katika lugha yenyewe. Kwa Kiswahili ugonjwa huu tunauita homa ya uti wa mgongo, ingawa shida yake kubwa iko kwenye utando wa ubongo, na kipimo chake tunakiita kuchomwa sindano ya uti wa mgongo. Mtu yeyote anayesikia maneno hayo anaona mbele ya macho yake sindano ikizama katika ule uti wenyewe, kamba inayobeba uhai wa miguu na mikono, na hofu yake ni ya haki kabisa. Lakini sivyo inavyofanyika. Uti wa mgongo wa mtu mzima unaishia juu, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali ambapo hakuna uti tena ila mfuko wa maji wenye nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea na kuipisha sindano. Kinachotolewa ni maji. Mwili wa mtu mzima una maji hayo kiasi cha mililita 150, na hutengeneza mapya kama nusu lita kila siku, kwa hiyo yanayochukuliwa hurudishwa kabla ya kesho. Mara chache ipo hali ambayo daktari huahirisha kutoa maji, kwa mfano akiona dalili za uvimbe mkubwa ubongoni au damu isiyoganda, na hiyo ndiyo sababu mgonjwa huchunguzwa kwanza.

Liko jambo moja zaidi ambalo hata baadhi ya wenzangu wa kazi hawakulieleza vizuri kwa ndugu wa wagonjwa. Kwa ugonjwa huu, kutoa maji ni tiba sawa na dawa. Fangasi na maganda yao huziba njia ambazo maji hayo hupitia kurudi katika damu, maji yakaendelea kutengenezwa bila pa kwenda, na shinikizo ndani ya fuvu likapanda. Shinikizo hilo ndilo linaloleta kichwa kisichosikia dawa, kutapika, kuona viwili viwili, upofu, uziwi, na mwisho kifo. Daktari hulipima kwa mrija mrefu wenye alama za sentimita, na likiwa limefika sentimita 25 au zaidi hutoa maji mpaka lishuke, mara nyingi mililita 20 au 30, akarudia kesho na keshokutwa kadiri mgonjwa anavyohitaji. Nimeona kwa macho yangu mgonjwa aliyeletwa akilia kwa maumivu akiomba uji kabla sindano haijatolewa. Watafiti wa Uganda waliofuatilia wagonjwa wa namna hii waliona kwamba waliorudiwa kutolewa maji katika siku za mwanzo walipona kwa wingi kuliko wasiorudiwa, hata kama shinikizo la awali halikuwa kubwa sana.

Kwa nini basi baba mkubwa aliwajua watu wanne waliokufa baada ya sindano? Kwa sababu hawakupelekwa hospitali mpaka wiki ya nne, na walipofikishwa walikataa mpaka siku ya mwisho. Kitu kinachofanywa siku moja kabla ya kifo kitaonekana daima kuwa ndicho kilichouleta. Laiti wale wanne wangetolewa maji siku ya kwanza, huenda mzee yule angekuwa na mifano ya namna nyingine.

Nimetumiwa pia, katika kundi la simu la familia yetu, ujumbe unaosema kwamba huko Marekani watu wengi walikufa kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi baada ya kuchomwa sindano mgongoni. Habari hiyo ni ya kweli, lakini inatumiwa vibaya. Mwaka 2012 kiwanda kimoja cha kuchanganya dawa katika jimbo la Massachusetts kilituma sehemu mbalimbali za nchi hiyo chupa za dawa ya kutuliza maumivu ya mgongo zilizokuwa zimeingia fangasi. Zaidi ya watu 750 waliugua na zaidi ya 60 wakafa. Hao waliingiziwa dawa chafu, na fangasi aliyehusika ni mwingine kabisa. Mgonjwa anayetolewa maji ya mgongo haingiziwi chochote. Tukio lile linatufundisha mambo mengine mawili: kwamba fangasi wa ubongo hamchagui mwenye VVU peke yake, kwa maana hata anayetumia dawa za kushusha kinga kwa muda mrefu, au aliyepandikizwa figo, anaweza kumpata, na kwamba ukaguzi wa viwanda vya dawa si jambo la kufanyia mzaha katika nchi yoyote.

Nije kwenye dawa, kwa kuwa ndugu wengi hukata tamaa wakidhani hazipo. Zipo tatu. Amfoterisini hupitishwa kwenye mshipa, na ile ya zamani husumbua figo na kushusha potasiamu, hivyo mgonjwa hupewa dripu za kutosha na kupimwa damu mara kwa mara. Flusitosini ni vidonge, nayo iligunduliwa mwaka 1957 na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya saratani. Flukonazoli ni vidonge ambavyo wengi wanavijua. Kosa la miaka mingi katika nchi zetu limekuwa kumpa mgonjwa flukonazoli peke yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini, na kwa flukonazoli peke yake zaidi ya nusu ya wagonjwa hufariki katika majuma kumi ya mwanzo. Utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Zambia na Kamerun, na matokeo yake kutolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba amfoterisini ya wiki moja tu pamoja na flusitosini ilipunguza vifo hadi wagonjwa 24 hivi katika kila 100, na kwamba hata vidonge vitupu, yaani flukonazoli na flusitosini kwa wiki mbili, vilikuwa tiba inayofaa pale ambapo hakuna uwezo wa kumlaza mgonjwa kwa dripu. Wagonjwa wetu wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Mwaka 2022 yalitoka matokeo mengine, ya wagonjwa zaidi ya 800 wa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, yakionyesha kwamba dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ile mpya, iliyofungwa ndani ya mafuta na isiyoumiza figo sana, ikifuatwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, inafanya kazi sawa na sindano za siku saba. Shirika la Afya Duniani liliuingiza utaratibu huo katika mwongozo wake mwaka huo huo.

Angalia, Mhariri, kila mahali ninapotaja matokeo mazuri flusitosini ipo. Ni dawa yenye umri wa zaidi ya miaka 60, haki za ugunduzi wake zilikwisha kitambo, na wagonjwa wa Kiafrika ndio waliothibitisha manufaa yake kwa miili yao. Hata hivyo, katika wodi nilizofanyia kazi mpaka ninastaafu sikuwahi kuishika mkononi. Hilo linaniuma kuliko nilivyoweza kuliandika hapa. Wanaohusika na ununuzi wa dawa wanapopanga mahitaji ya hospitali za wilaya, naomba wasiihesabu dawa hii kuwa ya hospitali za rufaa peke yake, kwa sababu mgonjwa wa ugonjwa huu hana wiki mbili za kusubiri rufaa.

Kuna suala jingine linalogombanisha wauguzi na ndugu. Mtu akikutwa na fangasi huyu na alikuwa hajaanza dawa za kufubaza virusi, daktari humwambia asubiri wiki nne hadi sita kwanza. Ndugu hukasirika, na nimewahi kutukanwa kwa ajili hiyo, wakidhani mgonjwa ametupwa. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulilinganisha walioanzishwa dawa mapema na waliocheleweshwa kwa wiki tano, na walioanzishwa mapema walikufa kwa wingi zaidi: 45 katika kila 100 baada ya miezi sita, dhidi ya 30. Sababu ni kwamba kinga ikirudi ghafla huku ubongo ungali umejaa fangasi, mapambano yake yenyewe huufanya ubongo uvimbe. Mgonjwa anayesubirishwa anatunzwa. Ila maelezo hayo lazima yatolewe kwa utulivu, kwa mtu aliyeketi, na si kwa kutupiwa neno mlangoni wakati wa mzunguko wa daktari.

Yote hayo ni habari ya mtu aliyekwisha kuugua. Iliyo bora ni kumkamata fangasi kabla hajafika ubongoni, na hilo linawezekana. Chembe za ganda lake huonekana katika damu kiasi cha wiki tatu kabla ya kichwa kuanza kuuma. Tangu mwaka 2011 kipo kipimo cha kijiti, mfano wa kile cha mimba au cha malaria, kiitwacho CrAg, kinachotoa jibu kwa dakika kumi kwa tone la damu. Anayekutwa na chembe hizo na hana dalili hupewa flukonazoli kwa kipimo kikubwa, na wengi hawafiki wodini kamwe. Huko Dar es Salaam na Lusaka watafiti waliwafuatilia watu 1,999 walioanza dawa za VVU wakiwa na CD4 chini ya 200; nusu yao walipimwa CrAg na pia wakatembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 28. Hakukuwa na mashine kubwa wala madaktari bingwa. Kulikuwa na kijiti, baiskeli na mtu wa kubisha hodi.

Tatizo ni kwamba kipimo cha CrAg hufuata kipimo cha CD4, na CD4 imesahauliwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza kwamba kila anayekutwa na VVU aanze dawa mara moja bila kungoja CD4 ishuke, uamuzi uliokuwa sahihi kabisa, nguvu na fedha zilihamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi, na katika vituo vingi mashine za CD4 zikaachwa zikaharibika. Tukafika mahali ambapo tunajua dawa inafanya kazi kiasi gani kwa aliyedumu nayo, lakini hatujui aliyeingia mlangoni leo, au aliyerudi baada ya mwaka kama mwanangu, ana kinga kiasi gani. Kimekwisha kutengenezwa kipimo kidogo cha CD4 kisichohitaji mashine, kinachosema kwa dakika 40 kama mtu yuko juu au chini ya 200. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na huduma nyingi za VVU katika nchi zetu zikayumba, swali la waliokatiza dawa limekuwa kubwa kuliko wakati mwanangu alipokuwa hai, na kila anayerudi kliniki baada ya kukatiza anahitaji kipimo hicho siku hiyo hiyo anayorudi.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mwandishi akiambiwa kwamba malaria imepanda kichwani, aulize kichwa kiliuma kwa siku ngapi, kipimo cha malaria kilisema nini, na kama marehemu alitolewa maji ya mgongo. Akinyimwa majibu, aandike kwamba chanzo cha kifo hakikuthibitishwa. Na mahali pa "sindano ya uti wa mgongo" aandike "kutoa maji ya mgongo", jina linaloeleza kinachofanyika. Wasomaji wako nao, wakiwa na mgonjwa ambaye kichwa chake kimepita wiki moja bila kupoa, wamwombe mtabibu kwa adabu apime VVU, na kama ipo, apime CD4 na CrAg, badala ya kuanza dozi ya tatu ya malaria.

Dada yangu aliniruhusu kuandika kwa sharti kwamba jina lisitajwe, kwa hiyo nakuomba usichapishe jina langu wala mtaa wangu, ingawa unavyo. Usiku niliomweleza yote, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama ile sindano haikuwa ndiyo iliyomuua mwanawe. Nikamjibu kwamba hapana, kwamba saa chache baada ya maji kutoka alifumbua macho na kuomba maji ya kunywa, nami ndiye niliyemnywesha. Alikuwa hajalijua hilo. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Wako,

Muuguzi mstaafu,
Tanga